Makambako hadi Njombe: Mbao, Baridi na Shingo ya Gitaa

Msafiri atokaye Dar es Salaam hufika Makambako akiwa amekwisha panda nyanda za juu, na ubaridi humwarifu kabla ya macho kuona. Hapa barabara ya Njombe na Songea huachana na ile iendayo Mbeya na Zambia. Hapa pia ipo stesheni ya reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975. Ukishika njia ya kusini, mwendo wa kilomita 60 hivi, unaingia katika nchi ya miti: misindano, mikaratusi, na miwati ambayo magamba yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi.

Ndugu msomaji, upitapo huko tazama jinsi mbao zinavyowekwa. Zipo zilizopangwa kwa ufundi, safu juu ya safu, na vijiti katikati ili upepo upite. Zipo zilizorundikwa mbichi, zikisubiri lori. Majuma machache yakipita, zile za kwanza zimenyooka na za pili zimejipinda. Asiyejua atalaumu mti, kumbe kisa ni maji yaliyomo ndani yake.

Jambo hili lawahusu pia wapiga muziki. Shingo ya gitaa, yaani ule mkono mrefu ambapo vidole hubana nyuzi, ni kipande chembamba cha mbao. Nyuzi sita za chuma hukivuta usiku na mchana kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 40, na nyuzi nne za besi huvuta kwa zaidi ya kilo 60. Chukua gitaa lililozoea unyevu wa pwani, ulipandishe Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako usiku wa Juni na Julai baridi huuma na pengine sakitu huanguka. Hewa ikiwa kavu mbao husinyaa. Gitaa likirudi pwani mbao hujaa tena. Shingo hupinda kidogo tu, lakini kidogo hicho chatosha: nyuzi hunyanyuka, vidole vyauma, na sauti za juu hutoka kombo.

Katika miaka ya 1970 mhandisi mmoja wa Marekani, Geoff Gould, aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya angani, alishirikiana na karakana ya Alembic ya California kutengeneza shingo ya besi kwa nyuzinyuzi za kaboni. Nyuzinyuzi hizo, nyembamba kuliko unywele, hulazwa pamoja na kushikwa kwa gundi ngumu. Shingo ya namna hiyo ni nyepesi, haipindiki kwa urahisi, na hainywi maji kama mbao. Baadaye Ned Steinberger alitengeneza besi ya kaboni isiyo na kichwa.

Je, mpigaji wetu abadilishe shingo? Kwanza amwendee fundi. Gitaa nyingi zina ufito wa chuma ndani ya shingo, na kuukaza au kuulegeza kwa robo mzunguko mara nyingi hutosha. Ikiwa bado anataka kaboni, ahakikishe kwamba shingo imefungwa kwa skrubu, kwani iliyogandishwa kwa gundi haibadilishwi kirahisi. Apime pia urefu wa uzi unaopigwa: gitaa nyingi za mtindo wa Fender zina milimita 648, na besi 864. Shingo mpya isiyolingana na kipimo hicho haitatoa sauti sahihi hata siku moja. Tena ajue kwamba nyuzi zenyewe bado ni za chuma. Njombe atazikaza upya kama kawaida.

Ipo njia ya katikati, isiyo na gharama kubwa kama kununua shingo nzima: fito mbili za kaboni huzikwa ndani ya shingo ya mbao, chini ya ubao wa vidole. Fundi azibe pua na mdomo akatapo, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Hata hivyo, kaboni haijaifuta mbao. Barabara hiyo ya Njombe ikiendelea kusini hufika Ruvuma, mmoja wa mikoa inayoota mpingo, mti ambao ulimwenguni huchongwa klarineti na ubao wa vidole wa gitaa. Msindano wa Njombe ni laini mno kwa shingo, lakini nidhamu yake ni ile ile: mbao ikaushwe polepole, ipimwe, ndipo ichongwe. Tukiuza mti mbichi kwa haraka, tutaununua tena kwa bei ya gitaa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mbao ni kinyume chake: ikiwa mbichi hujikunja yenyewe, wala haingoji ruhusa ya fundi. Kijana anayejifunza useremala Makambako au Njombe, akilijua hilo na kulishika, ameanza kuzijua siri za watengenezaji wa ala popote duniani.