Matone ya Damu Yasubiri

Kilosa

Mwanangu,

Nimesikia jirani yako hapo Mikumi amekutia hofu kwamba maziwa yako hayana damu, nawe umeshaulizia matone ya madini chuma duka la dawa. Mtoto ana miezi minne tu. Subiri.

Ni kweli maziwa ya mama yana madini chuma kidogo mno, hata miligramu moja kwa lita hayafiki. Si kasoro yako, wala ukila maini kila siku hutayaongeza. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na akiba, na hicho kidogo cha maziwa mwili wake hukifyonza vizuri. Ndiyo maana mkunga hakukimbilia kukata kitovu: damu ya kondo ilikuwa inamalizikia kwa mwenyewe.

Kule Pemba watafiti waliwapa watoto wadogo madini chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwaka 2003 ikabidi wasimamishe, maana waliopewa walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Pemba wakati ule malaria ilikuwa kali, na sisi huku mbu hatujawahi kuwakosa. Basi apimwe damu kwanza. Ikionekana imepungua, daktari atamwandikia dawa, na hiyo mpe bila kusita. Chandarua kisikose.

Yanayokutegemea wewe ni madini joto. Usipoyala, maziwa hayatakuwa nayo, na ubongo wa mtoto unayahitaji. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa na madini joto. Ile ya kupimiwa kwa kopo gulioni waachie wenye ng'ombe.

Zinki huwa tele kwenye maziwa ya mwanzo, kisha hupungua mwezi hadi mwezi. Akitimiza miezi sita endelea kunyonyesha, lakini aanze kula, na si uji mtupu wa dona, kwa sababu nafaka huyashikilia madini yake. Otesha ulezi, uanike, usage kimea; tia dagaa waliosagwa au ini la kuku. Chai asipewe. Mama mkwe akinuna, mwambie ni mimi nimekataza.

Siku akiharisha, kituoni watakupa ORS na vidonge vya zinki. Wengi huviacha tumbo likitulia siku ya tatu. Wewe vimalize vyote, siku kumi au zaidi kama watakavyokuelekeza.

Niandikie uzito wake wa kliniki ya mwezi huu.

Shangazi yako