Ruta mbili, anwani moja

Nimekuwa kimya kidogo, lakini leo nina kisa cha hapa nyumbani Kalimoni.

Intaneti haikuwa ikifika chumba cha dada yangu, kule nyuma ya ploti. Nikatoa ruta yangu ya zamani, nikaivutia waya kutoka ile ya sebuleni, tundu la LAN kwa la LAN, nikaiwasha. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo sikuangalia mipangilio yoyote. Asubuhi dada alikuwa na usaili wa kazi kwa video. Dakika ya tano ukakatika.

"Si ulisema umemaliza?"

Sikuwa na jibu.

Kosa lilikuwa hili: ruta zote mbili zilijiita 192.168.1.1, na zote ziligawa anwani kwa DHCP. Waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 ulitenga 192.168 kwa mitandao ya ndani, na watengenezaji wengi huanzia hapo hapo. Simu ikiita ruta, zinaitika mbili.

Dawa yake:

1. Unganisha kompyuta na ruta ya pili peke yake, ufungue 192.168.1.1.
2. Badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2, nje ya zile ambazo ruta ya kwanza inagawa.
3. Zima DHCP, uhifadhi.
4. Rudisha waya kwenye tundu la LAN, si la WAN.

Dada amepewa nafasi nyingine Alhamisi. Jana usiku nilikaa chumbani mwake saa nzima nikipiga simu za video, ndipo nikasema nimemaliza.