Hesabu ya Wazee

Mwalimu wa kijijini hafundishi watoto peke yao. Huombwa kusoma barua za watu, huombwa kuandika majibu yake, na huenda siku moja akaombwa kuandika ombi la fedha kwa niaba ya jirani zake. Mimi niliombwa mwaka 2021, katika kijiji kimoja cha bara ya Kilifi. Nataka kukueleza jinsi nilivyoliandika vibaya, ili kosa langu likufae wewe.

Kikundi cha akina mama kilikuwa kikiwapikia chakula cha mchana wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Kila mama alileta alichojaliwa: huyu kibaba cha unga, huyu nazi, huyu kuni. Ukame ulipokaza, vibaba vilipungua. Tukasikia kwamba liko shirika linalotoa ruzuku kwa vikundi vya namna hiyo. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenifunza kuandaa somo na kutunga mtihani, kuomba hakikunifunza. Lakini nilijiona fundi wa maneno. Nilikaa usiku mmoja, nikajaza kurasa nane za machozi.

Fomu iliuliza idadi ya wazee. Hatukuwa tumewahesabu, tulikisia 80. Mjumbe mmoja akasema, "Mwalimu, wafadhili hupunguza. Andika 120, watupe za 80." Nikaandika 120. Sikujiona kuwa nimesema uongo. Nilijiona nimefanya huruma.

Baada ya miezi mitatu alikuja mgeni kutoka shirika lile. Hakutaka hotuba wala ngoma. Alitaka kuwaona wazee, na kuliona daftari la chakula. Daftari halikuwapo. Wazee tulioweza kumwonyesha walikuwa 43. Alitushukuru kwa chai, akaenda zake. Na barua iliyofuata ilikuwa ya mistari minne: ombi limekataliwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kama mwendo wa kutoka barabarani hadi jikoni. Lakini mwongo nilikuwa mimi, na walioshinda njaa walikuwa wengine. Sufuria iliyokuwa ikipanda motoni siku tano kwa juma ikawa yapanda siku mbili. Bibi mmoja kipofu aliendelea kuja na fimbo yake hata siku zisizokuwa na moshi, akaketi, akangoja, kisha akarudi kwake. Ilinipasa mimi kumweleza sababu. Sikumweleza.

Mwaka 2024 mama mwenyekiti alinijia tena. "Mwalimu," akasema, "safari hii tuhesabu kwanza." Kwa muda wa majuma matatu, kila jioni baada ya masomo, tulipita nyumba kwa nyumba. Tuliuliza umri wa mzee, anaishi na nani, alikula nini jana, na kama hupokea fedha za serikali. Usiku nilisoma. Nilisoma Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachowapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zao na ya dola. Nilisoma juu ya mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 umekusudiwa kumfikia kila mzee aliyetimiza miaka 70, kwa shilingi 2,000 kila mwezi.

Hapo hesabu ilitufunza jambo ambalo machozi hayakutufunza. Wazee walikuwa 51. Kati yao 19 walikuwa wamepita miaka 70, nao hawapokei chochote. Baadhi hawakuwa na kitambulisho. Baadhi waliandikishwa, lakini vidole vyao vilivyosuguliwa na jembe miaka mingi havikusomeka katika mashine ya benki. Bibi yule kipofu alikuwa mmoja wao. Kumbe tulikuwa tukililia unga tu, na sehemu ya njaa ile ilikuwa njaa ya karatasi.

Ombi la pili lilikuwa la kurasa nne. Lilisema tatizo ni nini, kina nani wanaumia, tutafanya nini, kwa gharama gani, tutajipima vipi, na nini kitabaki fedha zikisha kwisha. Bei ya unga tuliiandika baada ya kuuliza katika maduka matatu. Kuni, maji na kazi ya kupika tuliviandika kuwa mchango wetu. Hatukusema tutaboresha maisha ya wazee, kwa maana neno hilo halipimiki. Tulisema kwamba katika miezi kumi na miwili tutawafikisha wazee 19 kwenye ofisi zinazohusika, mpaka walipwe haki yao. Tulilipeleka kwa shirika lile lile, na katika barua nikakiri kosa la mwaka 2021. Mjumbe alinionya kwamba nitawaaibisha. Nikamjibu kwamba aibu ile ni yangu, nami nimechelewa kuichukua.

Tulipewa nusu ya fedha za chakula, na nauli yote. Mwaka ulipokwisha, wazee 14 kati ya 19 walikuwa wakipokea fedha zao. Bibi yule hakuwa miongoni mwao. Vidole vyake vilikataliwa mara tatu. Safari hii nilikwenda kwake mwenyewe, nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi twarudi lini, mwalimu?"

Ilibaki kuandika taarifa ya mwisho. Mjumbe aliinama juu ya bega langu, akanong'ona kwamba 19 ingependeza zaidi. Msomaji, ombi la fedha ni ahadi, na taarifa ni siku ya kulipa deni la ahadi ile. Maskini hana mali ya kuweka rehani ila ukweli wake. Anayemwandikia akiutumia vibaya, amemwibia mara ya pili. Niliandika 14. Chini yake nikaandika habari za watano waliobaki, na siku tutakayorudi.