Meza Moja, Maneno Mengi

Katika Jiji la Meksiko iko migahawa midogo iitwayo fonda. Bei yake ni nafuu. Adhuhuri huandaliwa mlo wa mpango mmoja: supu, wali, kitoweo na maji ya matunda. Makarani, mafundi na wasafiri huketi bega kwa bega, maana nafasi ni finyu. Humo nilikula chakula nikashiba maneno.

La kwanza ni meza yenyewe. Wao husema mesa. Letu tulilipokea kwa Wareno. Sukari wao huiita azúcar, na sote tuliichota katika kisima kimoja cha Kiarabu. Mama mpishi aliponiaga, alisema, “Hasta luego.” Hasta hiyo ni ndugu wa hata yetu, ile ya “hata lini”, zote mbili zimetokana na hatta ya Kiarabu. Ugenini kule, nikaagwa kwa neno la kwetu.

Lakini lililonikosesha utulivu ni mahindi. Tortilla, mkate wao mwembamba, hupikwa kwa mahindi yaliyochemshwa pamoja na chokaa, kisha yakasagwa. Zao hili ni la Meksiko: wakulima wa kale wa huko walilikuza kutokana na nyasi mwitu yapata miaka 9,000 iliyopita. Sisi tukalipa jina linaloelekeza Bara Hindi. Kando ya sahani ilikuwapo bilauri ya maji ya ukwaju. Wao huuita tamarindo, kutokana na Kiarabu tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Ilhali mkwaju ni mti wa asili ya Afrika. Basi tunu yao tumeiita ya Uhindi, na tunu yetu nao wameiita ya Uhindi!

Wapo wenzetu wanaotaka kulisafisha shairi kwa kufyeka kila neno lenye sura ya kigeni. Nawauliza: wakifyeka meza, sukari na hata, watatutengea nini, na wapi? Neno halina hatia kwa kuwa limesafiri. Kasoro yake ni nyingine: humkumbuka aliyelileta, likamsahau aliyepanda. Mkulima wa Meksiko hayumo katika “mahindi”, wala Mwafrika hayumo katika “tamarindo”. Hapo ndipo penye kazi ya mshairi. Asilifukuze neno, alitungie ubeti utakaomrudisha mkulima mezani.