Weka Panga Chini, Chai Haijakufa

Kuna kitu hunisumbua kila Januari na leo nitakisema. Sakitu ikipiga chai usiku mmoja tu, asubuhi shamba linakaa kama limemwagiwa maji moto. Majani yamekuwa kahawia, ukiyashika yanavunjika. Kufika saa nne, mtu ashanoa panga. Mwingine anasema chai imekufa, heri ang'oe apande avokado.

Wasee, tulieni.

Huku Kericho, Nandi na Bomet hatuna theluji, lakini tuna zile usiku za Januari na Februari: anga safi, hakuna wingu, hakuna upepo. Ardhi inapoteza joto, na hewa baridi, kwa sababu ni nzito, inateremka bondeni kama maji. Ndiyo maana kwa shamba moja mistari ya juu iko kijani na ya chini karibu na mto imeungua. Hakuna jirani amekuroga. Mwaka wa 2012 mwanzoni iliunguza chai sehemu nyingi za huku, na chai bado iko.

Kilichokufa sanasana ni majani na matawi machanga. Mti wenyewe unaweza kuwa mzima. Kwaruza gome kwa ukucha, anzia juu ukishuka. Ukikuta kahawia kavu, shuka tena. Ukikuta kijani kibichi, hapo uhai upo.

Lakini usikate siku hiyo. Ukikata mapema, hujui kuungua kumefika wapi. Tena unauamsha mti utoe machipukizi laini, na sakitu ikirudi wiki ijayo inayamaliza. Hata yale majani makavu yanafunika ya chini kiasi. Ngoja mvua ya Machi. Machipukizi yatakuonyesha yenyewe pa kukata. Mbolea pia ingoje mvua hiyo. Na majani yaliyoungua usiyachanganye kwa kikapu ukitumaini karani wa kituoni hataona. Ataona.

Najua kungoja ni rahisi kuandika. Kwetu majani ndiyo karo, na sakitu huja wakati shule zinafunguliwa. Mama akiangalia shamba la kahawia haoni botania, anaona deni. Kwa hivyo sisemi hasara ni ndogo. Nasema tupige hesabu. Chai iliyoungua huweza kurudi kuchumwa kwa miezi miwili, mitatu hivi. Ukiing'oa na kupanda mche mpya, unangoja kama miaka mitatu. Na chai ikitunzwa inachumwa zaidi ya miaka 50. Utang'oaje kitu cha miaka 50 kwa hasira ya usiku mmoja?

Kama kuna kona ya chini inaungua kila mwaka bila kukosa, hiyo ni hadithi nyingine. Hapo panda nepia ya ng'ombe na usisumbuke. Na ua mnene ulioziba mwisho wa shamba, ufungue kidogo, hewa baridi ipate pa kutokea badala ya kulala juu ya chai yako.

Tunapenda kushauriana tukiwa tumeshtuka, na ushauri wa mshtuko ni ghali. Kabla ya panga, tumia ukucha. Kwenu mmekwaruza mkapata rangi gani?