New Orleans: Ukuta ulijengwa upya, lakini familia nyingi hazikurudi

Mzazi anayeishi bondeni hujiuliza swali lile lile kila mvua zinapoanza: maji yakija usiku, watoto watapita wapi? Katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, wazazi wengi waliamini jibu lilikuwa limeshapatikana. Karibu nusu ya mji huo iko chini ya usawa wa bahari, lakini kulikuwa na matuta ya udongo na kuta za zege kando ya mifereji, kazi ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Watu walinunua nyumba nyuma ya kuta hizo, wakazaa, wakalea, wakawaachia watoto wao.

Agosti 29, 2005 Kimbunga Katrina kilipiga. Kuta na matuta yalivunjika sehemu zaidi ya 50, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Kulikuwa na familia zilizopanda darini, kisha zikatoboa paa zipate hewa. Waliokufa kwa kimbunga hicho ni zaidi ya 1,300, wengi wao wakazi wa Louisiana.

Kilichowauma wengi ni taarifa zilizofuata. Kwenye baadhi ya mifereji, ukuta ulianguka kabla maji hayajafika juu yake. Mabati ya chuma yaliyopigiliwa ardhini kuushikilia hayakwenda chini vya kutosha, na udongo ulikuwa laini. Maji yaliposukuma, ukuta ukateleza. Mwaka 2006 kikosi chenyewe kilichapisha ripoti iliyokiri kasoro za usanifu.

Mmoja wa waliokataa msiba huo uitwe kazi ya upepo peke yake alikuwa mama wa New Orleans, Sandy Rosenthal. Hakuwa mhandisi. Mwaka huo huo wa 2005, pamoja na mwanawe aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari, alianzisha kundi la raia la kudai ukweli kuhusu kuta zile. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anauliza, na wengine wakajifunza kuuliza pia: nani alipima udongo, nani anakagua, nani atalipa?

Serikali ilijenga upya kwa dola bilioni 14.5. Mashariki mwa mji, karibu na Ziwa Borgne, sasa kuna ukuta wenye urefu wa karibu kilomita tatu na kimo cha takriban mita nane, wenye mageti yanayofungwa kimbunga kinapokaribia. Kwenye midomo ya mifereji mitatu iliyokuwa na kuta kuna mageti na pampu za kudumu zilizokamilika 2018. Agosti 29, 2021, miaka 16 kamili baada ya Katrina, Kimbunga Ida kilikuja na upepo mkali. Ukuta ulishika.

Hata hivyo, umeme ulikatika mji mzima kwa siku kadhaa, na joto likaua wazee ndani ya nyumba ambazo maji hayakuzigusa. Mji wa jirani wa LaPlace, uliokuwa nje ya ukuta huo, ulifurika.

Kuna hesabu nyingine ambayo mzazi anapaswa kuielewa. Kinga hiyo ilisanifiwa kuzuia mafuriko ambayo uwezekano wake wa kutokea ni asilimia moja kila mwaka. Inasikika kama kitu kidogo. Lakini kwa mtoto anayezaliwa leo, hadi afikishe miaka 30, uwezekano wa kuona mafuriko ya kiwango hicho au zaidi ni kama mmoja kati ya minne. Na ardhi ya Louisiana inazama, kwa hiyo matuta lazima yaongezwe kimo kila baada ya muda.

Ukuta ulirudi. Watu hawakurudi wote. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu wakazi karibu 485,000. Ya mwaka 2020 ilihesabu karibu 384,000. Kwenye mtaa wa Lower Ninth Ward, wenye wakazi wengi weusi waliomiliki nyumba zao wenyewe, pengo lilikuwa kubwa zaidi.

Sababu mojawapo ilikuwa karatasi. Nyumba nyingi zilitoka kwa babu kwenda kwa baba hadi kwa mjukuu bila mirathi kufunguliwa wala jina kwenye hati kubadilishwa. Kila jirani alijua nyumba ni ya nani, lakini ofisi ya misaada haikumjua jirani. Aliyeshindwa kuthibitisha umiliki alisubiri, na wengine walikata tamaa. Hata wenye hati, fidia yao ilipigiwa hesabu kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya ukarabati, ile iliyokuwa ndogo. Nyumba mbili zilizoharibika sawasawa, moja mtaa wa matajiri na nyingine mtaa wa maskini, hazikupata sawa.

Sababu nyingine ya maumivu ilikuwa watoto wenyewe. Watu walipakiwa kwenye mabasi na ndege, huyu akapelekwa Houston, yule jimbo jingine. Baada ya Katrina, na Kimbunga Rita kilichofuata mwezi Septemba, zaidi ya watoto 5,000 waliripotiwa kutenganishwa na wazazi au walezi wao. Wa mwisho aliunganishwa na familia yake Machi 2006. Mtoto mdogo akiulizwa mama yake ni nani, hujibu "Mama". Jibu hilo ni sahihi, ila halimsaidii anayemtafuta mwenyewe.

Familia za Jangwani jijini Dar es Salaam au Mathare jijini Nairobi hazina ukuta wa mabilioni ya dola, na kuudai kwa viongozi ni haki yao. Lakini mambo yaliyowachelewesha wazazi wa New Orleans kurudi hayasubiri bajeti ya serikali. Mtoto anaweza kufundishwa wiki hii majina kamili ya wazazi wake na namba moja ya simu kichwani. Familia inaweza kukubaliana mahali pa kukutana wakipotezana, na nani atamshika bibi mkono. Hati na vyeti vinaweza kupigwa picha, nakala zikakaa kwa ndugu anayeishi mlimani. Na ile nyumba ya marehemu babu, ambayo kila mwaka wanandugu wanasema wataikalia kikao, ifunguliwe mirathi kabla ya masika.