Marufuku Niliyoiita Neema

Mwanzoni mwa 1998, nikiwa mwandishi kijana jijini Mwanza, niliandika makala ya kusifu jambo lililokuwa likiwaumiza majirani zangu. Kipindupindu kilikuwa kimesambaa Afrika Mashariki wakati wa mvua za El Nino, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Bei ya sangara mwaloni ikaporomoka. Nikaandika kwamba ni neema: minofu iliyokuwa ikipakiwa ndegeni sasa itarudi vyunguni mwetu.

Nilikosea, tena kwa uvivu. Niliangalia bei, sikuuliza nani ana pesa ya kununua.

Viwanda vilipopunguza kazi, mvuvi aliyekopa nyavu na injini alikosa wa kumuuzia, lakini mdai wake alikuwa palepale. Muuza barafu, mpakiaji, mama lishe, wote riziki yao ilitoka kwa samaki huyohuyo. Wanaoniuma zaidi ni akina mama wa mapanki. Walikuwa wakinunua vichwa na mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, wakikaanga na kuwauzia wasiomudu samaki mzima. Minofu isipokatwa, mapanki yatoke wapi? Maskini niliodai wamenufaika ndio waliopoteza kitoweo, na waliowakaangia wakapoteza mtaji. Nilikuwa nikiwapita kila asubuhi, na makala yangu haikuwataja kabisa.

Hata upande wa afya sikujisumbua kuuliza. Shirika la Afya Duniani lilisema marufuku ya biashara haikuwa njia inayofaa. Kipindupindu huenezwa na maji na chakula kilichochafuliwa kwa kinyesi, na vimelea vyake hufa samaki akiiva vizuri. Mialo ilihitaji vyoo na maji safi, na samaki wasipouzwa, hata ushuru wa kugharimia hayo haupatikani. Jambo lingine lanitia hofu mpaka leo: nchi inayoadhibiwa kwa kutangaza wagonjwa wake, mlipuko ujao itasita kutangaza.

Marufuku iliondolewa katikati ya mwaka uleule. Mhariri hakunidai masahihisho, nami nikanyamaza. Wakaanga mapanki wa Mwanza nawaomba radhi. Niliita hasara yenu neema bila kuja kuwauliza, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kuja.